Matawi Mbele, Matawi Nyuma

Nasma: Haloo? Naongea na nani? Namba naiona ya Zuhra, ila pumzi hiyo siyo ya Zuhra.

Bibi Mwanawetu: Ni pumzi ya mtu aliyepanda kichuguu. Ni mimi, mke mwenzio.

Nasma: Ah, bibi. Shikamoo.

Bibi Mwanawetu: Marahaba. Mmeshindaje huko Nachingwea?

Nasma: Tumeshinda salama. Mama anaendeleaje?

Bibi Mwanawetu: Yumo edani, katulia. Anakula kidogo, anasali. Nimemwambia nakwenda kutazama mihogo. Zuhra wa jirani kaniazima simu yake hii ya kupapasa, nikaja nayo shamba, maana mtandao wa Mandawa una tabia ya mbuzi, unapenda kukaa juu ya kichuguu.

Nasma: Shuka basi, bibi, tuongee taratibu. Ukianguka hapo—

Bibi Mwanawetu: Nikianguka utanichora.

Nasma: Kumbe umeiona.

Bibi Mwanawetu: Nimeiona. Zuhra kanishikia simu mpaka mwisho, nikamwambia rudisha, akarudisha.

Nasma: Ile ya majaribio tu, bibi. Nilimtumia asikilize sauti kama inatoka. Haijaisha.

Bibi Mwanawetu: Kitendawili.

Nasma: Bibi, nina kazi mezani—

Bibi Mwanawetu: Kitendawili, nimesema.

Nasma: Haya, tega.

Bibi Mwanawetu: Kila siku anauawa, na sanda hajavaa.

Nasma: Jogoo.

Bibi Mwanawetu: Jogoo sanda yake mchuzi. Siye.

Nasma: Jua.

Bibi Mwanawetu: Jua linakwenda kulala, nani kaliua?

Nasma: Nimeshindwa.

Bibi Mwanawetu: Nipe mji.

Nasma: Chukua Nachingwea.

Bibi Mwanawetu: Nimekwenda Nachingwea, nimekula karanga zao, nimekalia viti vyao. Nikamkuta mjukuu wangu amepanga chumba nyuma ya soko, yeye na kompyuta yake. Nikamwambia hama, mji ni wangu.

Nasma: Jamani, nihamie wapi sasa?

Bibi Mwanawetu: Ndiyo adhabu ya kushindwa. Jibu lake ni mtu wa katuni. Anagongwa, anasimama. Anakatwa, anajiunga. Anaangukiwa na mwamba, anakuwa bapa kama chapati, anajikung'uta, huyo anakwenda zake.

Nasma: (anacheka) Ndo zilivyo, bibi. Kazi yetu sisi tunaanzia hapo. Mwili tunauchukulia kama unga wa maandazi, unaubonyeza, unauvuta. Watoto wanapenda.

Bibi Mwanawetu: Wapende. Sasa yule wako mwenye baiskeli mbona hakusimama?

(mtandao unakwaruza)

Nasma: Ha— haloo? Bibi?

Bibi Mwanawetu: Nipo. Yule mwenye baiskeli ni nani?

Nasma: Unamjua.

Bibi Mwanawetu: Nataka nikusikie.

Nasma: Ni baba. Nimemvalisha ile kofia yake.

Bibi Mwanawetu: Kofia nimeiona, umeipatia, hata ule uzi uliochomoka. Umemchora Lukumani wangu vizuri mpaka Zuhra akanyamaza. Halafu likaja gari, macho yake yakageuka misalaba miwili, ulimi nje, ndege wanazunguka kichwani, kwisha. Amekufa baiskeli haijagusa chini.

Nasma: Wale ndege nitawatoa. Nilisahau kuwatoa, walikuwa kwenye kazi nyingine.

Bibi Mwanawetu: Ndege sina ugomvi nao. Nani alikwambia afe haraka hivyo?

Nasma: Bibi, si alikufa papo hapo? Si ndivyo—

Bibi Mwanawetu: Nani alikwambia?

Nasma: Watu wote wamesema. Polisi wamesema. Na baba mdogo Twaha, aliyemgonga, si ndiye alikuwepo? Aliponipa hii kazi aliniambia, Nasma, usirefushe. Baiskeli haina taa, gari linakuja, pah, basi. Wanafunzi wasiogope, madereva waelewe.

Bibi Mwanawetu: Rudia hapo. Twaha kakupa kazi?

Nasma: Chama chao cha madereva. Yeye si katibu? Ni katuni ya usalama barabarani, itaonyeshwa Jumamosi hapo Mandawa baada ya gulio. Akasema jina la baba litaandikwa mwisho. Nikasema poa, angalau atakumbukwa. Nilidhani unajua.

Bibi Mwanawetu: Nilijua kuna sinema ghalani. Sikujua mpishi ni nani.

Nasma: Bibi, naelewa bado una uchungu naye. Hata mimi. Lakini alikwenda mwenyewe polisi. Jeneza alibeba—

Bibi Mwanawetu: Alibeba. Bega la kwanza. Nilimtazama anavyolia mpaka kanzu ikalowa, nikasema, huyu na mwanangu waliingia jando moja, walilala jamvi moja, mimi niliwapikia uji mmoja. Nikamtazama sana.

Nasma: Basi—

Bibi Mwanawetu: Basi hakufa papo hapo.

(upepo kwenye simu)

Nasma: Umesemaje?

Bibi Mwanawetu: Umenisikia.

Nasma: Bibi, mtandao—

Bibi Mwanawetu: Mtandao mzima. Nimepanda huku kwa ajili hiyo. Kaa chini kama umesimama.

Nasma: Nimekaa.

Bibi Mwanawetu: Jioni ile nilikuwa natoka kwenye ufuta wangu, kule bondeni, karibu na kalavati. Nikasikia gari linafunga breki. Halafu mlango. Halafu panga, ko, ko, ko, mtu anakata mti. Halafu gari likaondoka. Nikasema, hao wameharibikiwa, wamepona, wamekwenda. Nikapanda barabarani. La kwanza nililoliona ni matawi ya mkorosho, mabichi, yamelazwa katikati ya njia. Mbele kidogo matawi mengine.

Nasma: Kama ya gari bovu.

Bibi Mwanawetu: Kama ya gari bovu. Nikatafuta gari. Gari hakuna. Katikati ya matawi amekaa baba yako.

Nasma: Amekaa? Amelala, unataka kusema.

Bibi Mwanawetu: Amekaa, mjukuu wangu. Miguu kainyoosha kama mtoto anayesubiri uji. Akaniona, akasema, mama, hebu nitazamie kandambili yangu, moja imerukia wapi.

(kimya)

Bibi Mwanawetu: Nasma.

Nasma: Endelea.

Bibi Mwanawetu: Nikamuuliza unaumwa wapi. Akasema haumwi. Damu ilikuwa kidogo tu, hapa kwenye kiwiko, kuku ana nyingi kuliko ile. Nikashukuru Mungu. Nikamtafutia kandambili, nikamvika mguuni. Mguu wa baridi. Jua halijazama, vumbi lina joto, mguu wa baridi kama mtungi.

Nasma: Subiri. Subiri, bibi. Uso ulikuwaje?

Bibi Mwanawetu: Majivu. Yeye na weusi wake ule, midomo ikawa rangi ya majivu, jasho linamtoka, na anatetemeka. Nikavua kanga ya juu nikamfunika. Akaanza kupiga miayo. Mwayo baada ya mwayo. Nikamwambia wewe una usingizi saa hizi? Akasema ana kiu. Anageuka huku, anageuka kule, hatulii. Nikamshika tumbo, gumu. Limejaa kama ngoma iliyokaa motoni.

Nasma: Ilikuwa inavujia ndani.

Bibi Mwanawetu: Wewe umejuaje?

Nasma: Rahel. Yule nesi niliyesoma naye. Nilimuuliza kabla sijaanza kuchora, mtu akigongwa inakuwaje kikwelikweli. Akaniambia mwili ni mjanja, ukiona damu inapungua unafunga mikono na miguu, damu yote iliyobaki unaipelekea moyo na kichwa. Ndiyo maana mtu anakuwa wa baridi, na kiu, na miayo, na bado anaongea. Nikamwambia, dada, hiyo haichoreki, mteja wangu anataka pah. Nikaiacha. Bibi, niliambiwa nikaiacha.

Bibi Mwanawetu: Hukuwa unajua unachokiacha.

Nasma: Rahel alisema wengine wa hivyo wakiwahishwa wanapona.

Bibi Mwanawetu: Wengine. Sijui kama yeye angekuwamo. Hilo hata mimi naliogopa.

Nasma: Alisema nini? Baba. Mbali na kandambili.

Bibi Mwanawetu: Nilipiga kelele nikaita watu, akanikataza. Akasema, mama, usijichoshe, Twaha anakuja.

Nasma: Nini?

Bibi Mwanawetu: Twaha anakuja. Akasema, kashuka, kaniona, kaniambia usiondoke hapo ulipo, kaniwekea matawi nisikanyagwe. Kaenda kuleta watu. Kila akipiga mwayo anasema hivyo. Twaha hakawii.

Nasma: Gari alikuwa nalo. Mbona hakumpakia?

Bibi Mwanawetu: Hilo nami nataka nilisikie kwa mdomo wake.

Nasma: Canter nzima, bibi. Hata juu ya magunia ya ufuta angelala.

Bibi Mwanawetu: Angelala.

Nasma: Na akarudi lini?

Bibi Mwanawetu: Alirudi na polisi. Jua limeshakwenda, na mwanangu ameshakwenda, yupo mapajani pangu. Wale watu wa Mandawa wenyewe ndiyo kwanza walikuwa wanafika. Twaha akashuka analia, anasema, nilimgonga akafa palepale, hata kupumua hakupumua, ndiyo maana nikaona niende moja kwa moja nikajisalimishe. Na huku ananitazama mimi. Mimi nikainama kumfumba mwanangu macho.

Nasma: Na matawi je? Polisi hawakuyaona?

Bibi Mwanawetu: Watu walishayasukuma pembeni gari lipite. Nani anauliza matawi barabarani? Kila siku yapo. Lakini wewe fikiri, mke mwenzangu. Maiti hufunikwa. Umewahi kuona maiti anawekewa matawi mbele na nyuma? Matawi anawekewa mtu anayeweza kugongwa akafa. Mkono wake wa udereva ulimsaliti, ulifanya ulichozoea.

Nasma: Mbona hukusema, bibi?

Bibi Mwanawetu: Nilisema. Matanga hayajaanuliwa nikamfuata mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akanishika mkono kwa upole, akasema, bibi, msiba umekuzidi, kapumzike. Mtu ukishaambiwa umechanganyikiwa, kila ukisema unazidi kuchanganyikiwa. Nikafunga domo.

Nasma: Na mimi? Mimi nilikuja kuzika, nikalala na wewe kitanda kimoja.

Bibi Mwanawetu: Ulikuwa unalala kwa lile neno. Papo hapo. Nilikusikia unalitaja usingizini. Nikasema, mwache nalo. Nikakuachia kama unavyomwachia mtoto kipande cha nguo anyonye. Mama yako naye hivyohivyo. Lakini leo nilipoliona limechorwa, linatembea, lina muziki, nikasema hapana. Neno la mtu linakufa na mtu. Hii wataionyesha kila kijiji, Kiegei mpaka Nambambo, na watoto watakua wanajua Lukumani alikufa kama mbu.

(Nasma analia; simu inakwaruza)

Bibi Mwanawetu: Lia. Dakika Zuhra kaweka, sijui ngapi, lakini lia kwanza.

Nasma: Na— bibi, namchukia. Namchukia kinoma. Na nilimwambia asante. Aliponipa kazi nikamwambia asante, baba mdogo.

Bibi Mwanawetu: Kwa hiyo utamshukuru vizuri.

Nasma: Nampigia sasa hivi. Naifuta yote. Namwambia kazi yake akachore mwenyewe.

Bibi Mwanawetu: Ndiyo atakavyofurahi. Ataleta mchoraji mwingine. Usifute. Wewe maliza.

Nasma: Nimalize vipi? Yaani baba afe vile tena?

Bibi Mwanawetu: Afe alivyokufa.

Nasma: Ah. Nimekusoma.

Bibi Mwanawetu: Umenisoma?

Nasma: Nimekusoma, bibi. Ngoja. Nimwache akae. Akae barabarani, kamera haiondoki. Hakuna muziki. Rangi ya uso naishusha polepole, mpaka mtu ajiulize kama ni macho yake. Mwayo. Halafu mwayo. Mkono unatafuta kandambili. Bibi, katuni ikichezacheza watu wanacheka, ila ukimwacha mtu wa katuni akae tu anapumua, watu wanashindwa kukaa. Nilishawahi kujaribu.

Bibi Mwanawetu: Iwe ndefu kama ilivyokuwa?

Nasma: Siwezi yote. Lakini itakuwa ndefu kuliko wanavyotaka. Na Canter inaondoka nyuma yake, taa nyekundu zinapungua, zinapungua. Dereva namchora uso. Ndevu zake zile, na lile pengo la—

Bibi Mwanawetu: Usimchore uso.

Nasma: Kwa nini, bibi? Watu wamjue.

Bibi Mwanawetu: Ukimchora uso atasimama aseme mnanisingizia, mkaeleze kituoni, na mwenyekiti atasema bibi kamjaza mtoto maneno. Uso unabishaniwa. Chora mkono tu. Mkono na panga na tawi la mkorosho.

Nasma: Mkono wa shoto.

Bibi Mwanawetu: (anacheka kidogo) Umetoka kwangu wewe. Jando zima pale hakuna mwingine wa shoto. Wali wenyewe mpaka leo mkewe anamkumbusha mkono wa kulia.

Nasma: Akiona mkono, atajua. Lakini atakaa pale?

Bibi Mwanawetu: Atakwenda wapi? Jenereta lake, ghala kaomba yeye, mlango wa ghala unafungwa giza liingie ndipo picha ionekane. Kiti chake kipo mbele kabisa, katibu. Wanafunzi nyuma yake, madereva wenzake nyuma yake. Akisimama, kivuli chake kitaangukia kwenye picha, watu watamwambia kaa chini.

Nasma: Bibi, wewe ni hatari.

Bibi Mwanawetu: Mimi nimezaa. Mwanangu alimngoja mtu. Sasa na yule mtu angoje kidogo, aone kungoja kukoje.

Nasma: Na akitaka kuiangalia kwanza kabla ya Jumamosi? Ameshaniambia nimtumie.

Bibi Mwanawetu: Mtumie ile ya ndege.

Nasma: Hee. Sawa. Namtumia ile ya ndege. Nyingine nakuja nayo mwenyewe, mfukoni.

Bibi Mwanawetu: Njoo Ijumaa. Upitie kwa Rahel umuulize tena, usije ukakosea. Pale ghalani watakuwepo madereva waliowahi kubeba majeruhi, wakiona miayo watatazamana. Hao ndio ninaowataka. Mimi hawakuniamini, basi waamini macho yao.

Nasma: Nitamuuliza mpaka anifukuze. Na mama?

Bibi Mwanawetu: Mama yako nitamwambia mimi, Ijumaa, wewe ukiwa umemshika. Edani hatoki, lakini haifai asikie kutoka kwa watoto wa shule.

Nasma: Bibi... alikuwa ameacha kungoja? Mwishoni?

(upepo)

Bibi Mwanawetu: Hakuacha.

Nasma: Sawa.

Bibi Mwanawetu: Aliniambia nisogee, nisimzibie njia, gari lisije likapita bila kumwona.

Nasma: Hiyo siichori.

Bibi Mwanawetu: Usiichore. Hiyo yetu.

(mlio wa tii, tii)

Nasma: Bibi, dakika zinaisha, huo mlio—

Bibi Mwanawetu: Nimeusikia. Sikiliza, la mwisho. Picha ikiisha, kabla mlango haujafunguliwa, mimi nitasimama. Bibi kizee na vitendawili vyake, nani atanikatalia? Wanafunzi watafurahi. Nitasema, kitendawili.

Nasma: Tega.

Bibi Mwanawetu: Matawi mbele, matawi nyuma, na gari zima.

Nasma: Wanafunzi hawatakijua.

Bibi Mwanawetu: Hawatakijua. Watasema hiki, watasema kile. Halafu nitamgeukia aliyekaa mbele, nitamwambia, wewe je, baba, mwenzake Lukumani? Tusaidie.

Nasma: Na akisema hajui?

Bibi Mwanawetu: Akisema hajui, mbele ya watu wote wale, ameshindwa. Na aliyeshindwa anatoa nini?

Nasma: Mji.

Bibi Mwanawetu: Eeh.

Nasma: Utautaka mji gani, bibi?

Bibi Mwanawetu: Mandawa. Nitamwambia nimekwenda Mandawa, nimepita kalavatini, nimekaa barabarani nikangoja, hakuja mtu. Nimekuta una nyumba pale, na mke, na gari. Sasa hama, mji ni—

Nasma: Bibi?

Nasma: Haloo? Bibi, umekatika.

Nasma: Shuka hapo kichuguuni taratibu.